Taa Moja Ziwani

Haya aliniambia Renilde mwenyewe, rafiki yangu wa mji wa Baraka, na sitaki muntu anicheke.

Tangu bwana yake Sixte apotelee ziwani, kila jua lilipozama nyuma ya milima ya Fizi, Renilde alisimama uani akapiga picha kwa simu, giza likishuka juu ya maji. Kisha aliikuza picha, akitafuta taa ya mtumbwi wa bwana yake kati ya taa za wavuvi. Ndugu ya Sixte alichoka. "Shemeji, acha sasa. Tumalize kilio."

"Bila mwili wake? Mi hapana!"

Jioni ile mwezi mzima ulichomoza ng'ambo. Mwezi ukiwa hivyo ndagala, wale samaki wadogo, hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wote walibaki nyumbani. Ziwa lilikuwa tupu. Renilde akapiga picha tu, machozi yakimtoka.

Ndani ya picha kulikuwa na taa moja.

Akainua macho: ziwani hakuna kitu. Akapiga tena. Taa ilikuwa imefika ufukweni.

"Sixte, ni we?"

Akageuza simu nyuma, upande wa milima, akapiga. Taa ilikuwa kando ya jiko lake. Na kule nyuma ya jiko, kwenye udongo mkavu, akasikia kasia likipiga maji.