Sauti Isiyofifia

Usiku wa Jumanne, tarehe 24 Juni 2025, saa nane, Fransiska alikigusa kiti cha marehemu mumewe akakikuta kina joto.

Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu masika, pikipiki ilipomwua Beda kwenye mteremko wa kwenda Milepa. Kibanda cha darubini kilikuwa kilimani, nje ya Sumbawanga, na baridi ya Juni ilipenya hadi mifupani. Humo mume na mke walikuwa wakingoja simu ilie. Ikilia, ujue setilaiti imeona mmweko wa mionzi ya gama: huko mbali kupita akili, nyota imekufa kwa mlipuko. Hapo waligeuza darubini upesi, wautafute mwanga uliobaki nyuma kabla haujazimika.

Koti la Beda lilikuwa bado limetundikwa mlangoni.

"Mwanangu, nguo za marehemu hugawiwa," mama mkwe wake, Gaudiosa, alimwambia mara nyingi. "Ukizikumbatia, utakaribisha kisichokuwa chako."

"Bado kidogo, Mama."

Usiku uliofuata kukawa na harufu ya udongo uliolowa, na mvua ilikwisha zamani. Kisha pumzi nyuma ya shingo yake. Kisha mnong'ono: "Fransi, usiwashe taa."

Alilia kwa furaha. Hivyo ndivyo Beda alivyosema kila usiku, kwa sababu taa kali huharibu macho yaliyozoea giza. Walitumia kurunzi nyekundu tu. Akaitii ile sauti. Akawa anaijibu, anaisimulia habari za nyumbani, na kila usiku ikawa karibu zaidi.

Jumapili simu ikalia. Fransiska akageuza darubini, akapiga picha. Saa moja baadaye akapiga nyingine, akaziweka pamoja. Nukta moja ilikuwa imefifia.

Akakumbuka Beda akimfundisha, chai mkononi, akimtania: "Usinishangilie kila kinachong'aa, mama. Kilichobaki vilevile ni nyota ya kawaida. Tunachokitafuta hupungua. Mwanga wa kitu kilichokufa hauna budi kupungua."

"Umeipata, mke wangu," sauti ikasema nyuma yake, nzito, wazi kuliko siku zote. "Sasa njoo nje. Njoo pale ukingoni mwa kilima."

Kiti kikalia kama kinavyolia mtu akiegemea, na Fransiska akahesabu nyuma, akaona kwamba kitu hiki kilianza kama joto tu, kikawa harufu, kikawa pumzi, kikawa mnong'ono, na sasa kina uzito wa kukalia kiti, hakikupungua hata usiku mmoja, kilikuwa kikinenepa kwa kila neno alilokipa, na kwa hiyo hakikuwa Beda, hakikuwahi kuwa Beda.

"Kwa jina la Yesu," alinong'ona, "wewe ni nani?"

"Usiwashe taa, Fransi."

Akawasha ile kubwa.

Koti lilikuwa limekaa kitini, mikono imejaa, kola imesimama kuzunguka shingo isiyokuwepo. Likamgeukia taratibu. Kisha likaanguka sakafuni, tupu.

Asubuhi, baada ya Fransiska kumpigia simu na kumweleza yote, Gaudiosa alipanda kilima na maji ya baraka, rozari shingoni. Hakumlaumu. Walinyunyiza kila pembe, wakazigawa nguo kwa ndugu, koti wakalichoma. Moshi wake ulinuka udongo uliolowa, hadi ukaisha.

"Limekwenda, Mama?"

"Limekwenda. Ila wewe utalitamani. Siku hiyo, sali."

Usiku Fransiska alirudi kazini peke yake. Alikigusa kiti. Kilikuwa baridi kama jiwe, na hapo ndipo alipolia kilio chake chote, kwa kuwa sasa mumewe alikuwa amekufa kweli. Katika picha mpya, ile nukta ilikuwa haionekani tena.

Akapiga magoti.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele…"

Akatazama giza pale nukta ilipokuwa. Kisha akamalizia, polepole:

"…umwangazie Beda. Apumzike kwa amani. Amina."