Dha Iliyomponza Ketaki

Ilikuwa saa kumi jioni katika soko la Mandai, pale wanapouza maua, na mji mzima wa Pune ulikuwa umeamua kununua asumini saa hiyo hiyo. Ketaki alikuwa ameshika kishada chake akitaka kukichomeka kwenye nywele. Kiwiko cha mtu kikamgonga, kishada kikaanguka, na ng'ombe mmoja akakila bila haraka.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Ninayo, dada. Yalikuwa yanakuangalia wewe, ndiyo maana kiwiko kikakosa msimamizi."

Ketaki alitaka kumtukana. Ila kijana alikuwa amevaa kurta nyeupe iliyonyooka na mkoba wa ngoma za tabla begani, na kabla tusi halijatoka alikuwa ameshanunua kishada kingine. Jina lake Onkar. Alikuwa anatafuta nyumba ya Vasudha Tai, mwalimu wa uimbaji, aliyemwita awapigie wanafunzi wake. Ketaki alikuwa mwanafunzi wa Tai mwaka wa nne. Wakaenda pamoja.

Wiki hiyo hiyo Tai alisafiri kwenda Nagpur, binti yake alikuwa anajifungua. Aliacha neno moja: siku ya Guru Purnima, wanafunzi wanapomwimbia mwalimu wao, Ketaki aimbe Bhupali mbele ya wageni. Akiimba vizuri, jukwaa la mtaa wakati wa sherehe za mungu Ganesh ni lake. Miaka minne Ketaki alikuwa anaitafuta nafasi hiyo.

Bhupali ni raga, yaani mpangilio wa sauti za wimbo, ya kuimbwa jioni, na ina sauti tano tu: sa, re, ga, pa, dha. Ubaya ni kwamba Deshkar, raga ya asubuhi, ina sauti hizo hizo tano. Ukituama kwenye ga, jua linazama. Ukituama kwenye dha, umewaamsha watu. Hakuna kingine kinachozitenganisha kwa sikio la haraka, na wengi wameaibika hapo.

Mwezi mzima walifanya mazoezi wawili, Ketaki akiimba, Onkar akipiga, na mapenzi yakaingia. Kila Ketaki akimaliza alikuwa anauliza, "Vipi?"

"Tamu, mpenzi. Tamu mno."

Siku ikafika, na Tai akawa amesharudi. Ketaki alivaa sari ya rangi ya haradali yenye pindo jekundu, akaketi mbele ya wageni arobaini, akaimba kwa moyo wake wote. Aliipenda ile dha, akairudia, akailalia. Mzee mmoja akatazama saa yake, kisha akatazama dirisha. Alipomaliza, Tai akauliza kwa upole, "Ketaki, mwanangu, maziwa ya asubuhi yameshaletwa?"

Ukumbi mzima ukacheka.

Nje, penye rundo la ndala, Onkar alikuja mbio kumbembeleza. "Usilie. Ile dha bwana, nilijua tu itakuja kukuponza."

Ketaki aliacha kulia hapo hapo. "Ulijua?"

"Nilikuwa nasema tu..."

"Tangu lini, Onkar?"

"Wiki ya kwanza."

"Na ile tamu, mpenzi, tamu mno?"

"Ilikuwa tamu kweli. Tamu ya asubuhi." Onkar akaona uso wake, akajitetea haraka. "Mpiga tabla hamkosoi mwimbaji. Ndiyo adabu yetu."

"Adabu? Ulinishika mkono sinema nzima, adabu ulikuwa umeifungia kwenye mkoba? Umeniacha nikachekwe na watu arobaini kwa sababu uliogopa nitanuna."

Akavaa ndala zake, akaondoka. Na mimi namuunga mkono. Kuchekwa na wageni kunapita. Kudanganywa kila jioni na mtu unayempenda, ukashukuru, hiyo inachoma.

Simu ililia siku kumi. Ya kumi na moja akapokea. "Unasemaje?"

"Nakupenda."

"Hilo nalijua. Niambie nisilolijua."

Onkar akasema, "Sari yako ya kijani haikupendezi."

Akamkatia. Kesho yake akapokea tena. "Na chai yako, Ketaki, ni maji matupu." Akamkatia tena, lakini alikwenda jikoni akaionja ile chai, na hasira ikazidi kwa sababu ilikuwa kweli.

Tai alikuwa amemrudisha mwanzo, wiki tatu za ga peke yake. Alhamisi moja akasema atamsikiliza upya mbele ya wanafunzi wote. Ketaki alivaa sari ya kijani kwa makusudi. Onkar aliiona, akainamia tabla zake.

Alianza vizuri. Kisha moyo ukapanda, na sauti ikaanza kuteleza kuelekea pale ilipopazoea.

Tabla zikanyamaza.

"Dha," Onkar akasema.

Wanafunzi wakatazamana. Mpiga tabla kumkatiza mwimbaji mbele ya mwalimu, hakuna aliyewahi kuona. Masikio ya Ketaki yalichemka. Akamwangalia Onkar jicho baya, akarudi kwenye ga, akatua hapo na ghadhabu yake yote, akakaa.

Tai alifumba macho mpaka mwisho. "Sasa ni jioni," akasema. "Jukwaa la mwaka huu nimeshampa mwingine. La mwakani ni lako. Na wewe kijana, siku nyingine omba ruhusa."

"Ndiyo, Tai."

Nje, penye ndala, Ketaki alimsubiri.

"Umenikatiza mbele ya mwalimu wangu."

"Nimekukatiza."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Nikuoe?"

Ketaki alichukua muda kutafuta ndala ya pili, ingawa ilikuwa mbele yake.

"Sari hii je?"

"Mbaya sana."

"Basi njoo Jumapili uonane na baba," akasema Ketaki. "Chai nitapika mimi, na utaimaliza."