Mchumba Mwenye Gilet

Ukitaka kusumbuliwa Kolwezi, vaa gilet. Nasema kile kizibao cha kazi cha rangi ya machungwa, chenye mistari inayong'aa na jina la kampuni mgongoni. Ukishakivaa hutakula kwa amani, hutasali kwa amani, hata kinyozini hutatulia, maana kila mtu mjini ana ndugu anayetafuta kazi na kila mtu anaamini kwamba mlango ni wewe.

Hénock hakuyajua hayo. Alitoka Dilolo, kule mpakani na Angola, akaja kutengeneza jenereta, kwa sababu migodi inakula umeme na majumba yanabaki gizani. Gilet yake aliinunua kwenye mitumba kwa kuwa ilikuwa na mifuko ya kutosha bisibisi, na kwa kuwa madereva wa malori ya madini hawana huruma na mtu asiyeonekana barabarani. Asubuhi moja alikuwa amesimama sokoni Manika, kitumbua mdomoni, chai mkononi, pikipiki zikipiga honi kila upande, akaona msichana anamjia moja kwa moja.

Na msichana alikuwa wa kutazamwa. Kitenge cha buluu kilichokamata kiuno, blauzi nyeupe ambayo vumbi jekundu la mji lilikuwa bado halijaifikia, nywele zimesukwa zikarudishwa nyuma, na bahasha ya kaki imekumbatiwa kifuani. Aliitwa Jémima Mushiya. Alikuwa amesomea kemia, akafaulu, na tangu siku hiyo alikuwa akiomba kazi huku na huku bila kujibiwa na mtu.

"Bonjour, tata," alisema. "Uko unatumika kwa ile usine mupya ya Mutoshi?"

Hénock alimeza. Alitazama yale macho makubwa yenye uchovu na ukali kidogo. Jibu la kweli lilikuwa fupi, lakini lingemwondoa msichana pale mara moja, kwa hiyo hakulitoa.

"Unatafuta nini kule, mama?"

"Kazi ya laboratoire. Dossier yangu njo hii. Unaweza kunipelekea?"

"Naweza," alisema, na hilo halikuwa uongo, maana bahasha mtu yeyote anaweza kuibeba.

"Na unaomba ngapi? Sema tu, mi nimezoea."

"Siombi kitu. Unipe tu numéro ya téléphone, nikuambie wakati dossier itafika."

"Batu bote banasema vile," alisema Jémima, lakini namba alimtajia.

Hénock alienda kiwandani Mutoshi kweli, akaitumbukiza bahasha kwenye sanduku la langoni, juu ya bahasha za watu wengine. Akapiga simu kumwarifu. Kesho yake akapiga tena, bila cha kuarifu.

"Umekula?"

"Nimekula. Na weye?"

"Mi bado. Nilikuwa nakuwaza."

"Kula kwanza, kuniwaza haishibishe mutu. Dossier yangu iko wapi?"

"Iko mule mu usine. Chérie, kila siku unauliza dossier iko aje, hauulize mi niko aje."

"Haya, uko aje?"

"Niko na njaa."

Jémima alicheka, na alikuwa hajacheka kwa siku nyingi. Katika mji ambao mtu anataka alipwe kwa kukuonyesha tu geti la kampuni liko wapi, huyu alikataa pesa. Ndilo lililomwangusha. Jumapili baada ya kanisa walianza kula samaki wa kuchoma pamoja, wakigombania kichwa, na Jémima akiuliza habari za kazini, Hénock alisema siku ya kupumzika si ya kuzungumza kazi. Alijisikia vibaya kila mara. Kila mara alijiambia atasema wiki ijayo.

Halafu Jumapili moja akapelekwa nyumbani kwa kina Jémima, na hapo mambo yakaharibika kabisa.

Tata Nkongolo, baba wa Jémima, alikuwa mtoto wa mfanyakazi aliyeletwa kutoka Kasai kwa ajili ya mgodi, naye mwenyewe alizeekea mgodini. Alikuwa na wazo moja tu kuhusu wakwe, na wazo hilo lilikuwa na badge ya kazi shingoni. Alipoiona ile gilet ikiingia uani alisimama, jambo ambalo hakumfanyia hata mchungaji.

"Mutoto yangu, karibu. Uko na contrat?"

"Tata, kazi iko," alisema Hénock, akakaa.

Majirani walianza kuingia kabla Fanta haijafunguliwa. Mama Simone, mjane wa nyumba ya pili, alileta bahasha ya mwanawe Merdi na kuku mzima, miguu imefungwa. Wengine wakafuata. Ndipo umeme ukakatika, mechi ikiwa ndiyo imeanza kwenye televisheni, na Tata Nkongolo akaenda kuwasha jenereta. Alivuta kamba. Jenereta ikakohoa, ikafa. Akavuta tena, ikakohoa vilevile.

Hénock alijua. Kabureta ilikuwa imezibwa na uchafu, kazi ya kufungua, kupuliza na kufunga. Vidole vilimwasha. Lakini mtu wa usine hainamii jenereta ya uani mbele ya wakwe, na angeulizwa amejifunzia wapi, kwa hiyo alibaki kitini na bahasha zake mapajani huku mzee akivuta kamba, akishika mgongo, akivuta tena. Kwa kweli ningekuwa Jémima ningemwacha siku ile ile, bila kungoja sababu nyingine.

Sababu ilikuja yenyewe. Usine ilimwita Jémima kwenye mtihani, akafaulu, akaajiriwa maabara kwa mkataba wa miezi mitatu. Nyumbani waliimba. Asubuhi ya kwanza kazini alipewa gilet, na gilet ilikuwa ya kijani.

"Ya orange banapatiaka nani?" alimuuliza Noëlla, mwanamke wa stoo.

"Ya orange? Ile ilikuwa ya bale ba kujenga. Usine ilipoisha kujengwa, balibafukuza bote, na kampuni yabo ikaenda. Batu bakauzisha ma gilet mu soko. Humu ndani hakuna mutu anavaa orange."

Jémima alitazama nje ya uzio. Langoni walijaa wanaume wanaotafuta kazi, wengi wao wamevaa machungwa, ili waonekane wamewahi kuajiriwa. Alimtafuta Hénock kwa jina katika kila ofisi, akijua tayari atajibiwa nini. Mchana alipiga simu.

"Hénock, uko wapi sasa hivi?"

"Niko kazini, chérie."

"Mi pia niko kazini. Kazi yako iko upande gani, nikuye tukule pamoja?"

Bisibisi ilisikika ikiwekwa chini.

"Jémima, mi sikukuambia natumika kule."

"Hukukatala pia. Ulikunywa Fanta kwa baba yangu, ukakamata ma dossier ya majirani bote ba quartier, ukakamata kuku ya mujane."

"Kuku nilirudisha."

"Ulirudisha kuku, ukweli haukuuleta. Na sasa mi sijue kama nilipendaka mutu ao nilipendaka gilet. Usinipigie tena."

Akakata. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kupima mawe.

Nyumbani alisema tu kwamba wamegombana. Ila gilet ya kijani ilionekana ikishuka kwenye basi la kampuni, na jioni hiyo hiyo uani hapakuwa na pa kukaa. Jémima alieleza kwamba yeye mwenyewe ana miezi mitatu tu, kwamba mkuu wa maabara hata jina lake halijui. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamkabidhi bahasha. Alikasirika, akapandisha sauti, wakasema mtoto ameshapata kazi na sasa anaringa.

Siku chache baadaye Mama Simone alikuja peke yake, na kuku yule yule.

"Mutoto ya jirani," alisema mjane, "Merdi anaanza kuenda kuchimba Kasulo, mule mu mashimo chini ya manyumba. Usiku silale. Umusaidie."

Jémima alifungua kinywa aseme hapana. Aliangalia ule mkono uliomnyooshea bahasha ya Merdi, na neno lilikataa kutoka.

"Nitaona, mama," alisema.

Mjane alimbariki na kwenda zake akiwa mwepesi. Jémima alibaki mlangoni, akijichukia. Hakuwa na cha kuona, na alijua hivyo wakati akisema. Alikumbuka macho yake mwenyewe sokoni, asubuhi ile, na mtu mwenye kitumbua mdomoni aliyeshindwa kuyakatalia. Alitukana kwa sauti ndogo, kisha tena kwa Kifaransa.

Jumamosi alikwenda Manika. Hénock alikuwa pale pale penye chai, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, mafuta ya mashine kwenye kucha. Gilet haikuwepo.

"Iko wapi?"

"Nilipasua, napangusia mikono."

"Dossier yangu ulipatia nani mule ndani?"

"Hakuna mutu. Nilitia mu sanduku, sawa batu bote. Ile kazi uliipata weye mwenyewe."

Jémima alikaa. Alikunywa chai ya Hénock bila kuuliza.

"Mi nilimudanganya Mama Simone. Nilisema nitaona."

"Ulisikia aje?"

"Vibaya. Kwa siku moja tu. Weye ulifanyaka aje miezi yote ile?"

"Nilikuwa nakonda, haukuona?"

"Haukukonda. Ulikuwa unamaliza samaki yangu." Alimtazama kwa hasira, na hasira ilikuwa inamponyoka. "Nakupenda, na umenichokesha. Leo mi natoka hapa naenda kumwambia Mama Simone ukweli. Na weye unakuya kumwambia baba yangu ukweli. Na courant haiko kwetu tangu jana, nyumba iko giza."

Jioni, Jémima akiwa ameshamwambia Mama Simone ukweli, Tata Nkongolo alimkuta Hénock uani, amesimama, mikono nyuma.

"Tata, mi siko mutu wa usine. Natengenezaka ma groupe, ma jenereta za courant. Badge sina, contrat sina. Nilinyamaza juu nilimupenda mutoto yenu na niliogopa. Munisamehe. Nakuya kumuomba, nimuoe."

Mzee alimgeukia bintiye.

"Ulijua?"

"Najua sasa. Kama unataka badge, papa, angalia yangu. Baada ya miezi mitatu sijue kama itakuwa. Groupe zitaendelea kufa."

Hénock aliinama penye jenereta, akafungua kabureta, akapuliza, akafunga, akavuta kamba mara moja. Ikanguruma. Ndani televisheni ikaanza kusema peke yake.

Tata Nkongolo aliisogelea ile mashine, akashika mgongo.

"Ile dimanche ulijua shida ilikuwa nini?"

"Nilijua, tata."

"Na uliikala pale mu kiti, ukiniangalia navuta?"

"Ndiyo, tata."

"Siku tano sikuweza kuinama kufunga viatu." Mzee alimtazama binti, akaitazama jenereta, akapumua. "Mbuzi ya mahari tutawaambia familia yako ni ngapi. Lakini weye utaongeza moja, ya mugongo yangu."

Hénock alikubali pale pale, kabla mzee hajakumbuka magoti.