Wana wa Kiwandani Hawaombi Radhi

Mungu atukinge na haya tunayoyasikia, na zaidi atukinge na yale tusiyoyasikia.

Ilianza na theluji. Ni mjini Kazan, majira ya baridi yale ambayo serikali kubwa ilikuwa inakufa na kila kiwanda kimefunga milango. Farhinur alisimama dirishani akimtazama mwanawe Zufar akivuka uwanja na wenzake. Kofia za wenzake zote zilikuwa nyeupe kwa theluji. Ya Zufar ilikuwa nyeusi, kavu, kama imetoka kabatini sasa hivi.

Alipoingia ndani, aliingia na harufu ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto anyonyolewe.

"Umeshika nini wewe?"

"Sijashika kitu, mama. Nina njaa."

Alikuwa na miaka kumi na minne. Kaka yake Raushan alizikwa majira ya kuchipua yaliyotangulia, baada ya vijana wa mitaa miwili kupigana kwa mabomba ya chuma juu ya mto uliokuwa bado umeganda. Arobaini haijaisha, Zufar naye akaingia kundini, kwa Wana wa Kiwandani. Shule haikuwa na joto. Baba zao walikuwa wanalewa, au wamekwenda mbali kutafuta kazi. Lakini chini ya jengo, kwenye chumba cha mabomba ya maji, kulikuwa na joto, na vyuma vya kunyanyua, na mtu wa kukuita ndugu. Farhinur aliyajua hayo. Alichokosa ni kitu cha kumpa badala yake.

Chai ya Zufar ilipoa mezani. Akakishika kikombe, nayo ikaanza kutoa moshi.

Tangu hapo malengelenge yalimtoka viganjani bila moto kumgusa. Akawa anakaa jikoni, sikio kwenye bomba la karo la kuoshea vyombo, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa maagizo.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na kaka," alinong'ona. "Nyamaza, mama, unamkatiza."

Farhinur hakupiga kelele. Alimvalisha koti, akampeleka kwa abistai Minnegul, bibi aliyewasomesha wanawake Kurani jikoni kwake miaka ile ilipokuwa marufuku, pazia limeshushwa. Bibi aliitazama mikono.

"Ulimwaga wapi maji ya moto?"

Zufar aliinamisha kichwa. "Kule chini. Shimo la maji machafu liliganda. Ildus akaniambia nimwage birika."

"Ulisema bismillahi?"

"Mbele ya wana, bibi? Wangenicheka mpaka leo."

"Basi umeunguza watoto wa mtu," alisema abistai. "Majini nao wana watoto. Nenda palepale, uombe radhi kwa sauti. Mzazi wao akiombwa kwa jina la Mungu, hana ruhusa tena juu yako. Asipoombwa, atakupika taratibu mpaka uive."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Mwana haombi radhi. Ukisema samahani mara moja tu, umetoka. Na anayetoka hatoki mzima."

"Tutatoka wote wawili," alisema Farhinur. "Vaa kofia."

Waliteremka kwenye chumba cha mabomba alasiri, nje kumeshakuwa giza, kama kunavyokuwa huko majira ya baridi. Ildus, mkubwa wa kundi, pua imevunjika na mabega kama mlango, alimwona Farhinur, akaweka chuma chini.

"Wana, simameni! Ni mama wa Raushan." Wakasimama wote kwa heshima. Picha ya Raushan ilikuwa ukutani. "Karibu, mama. Nani kakuudhi?"

"Zufar amekuja kuomba radhi."

"Kwa nani, kwa panya?" Kicheko kikalipuka. "Zufar, unaolewa lini, tuje kula pilau?"

Kicheko kilikatika chenyewe. Taa ilififia ikawa nyekundu, na kutoka kwenye shimo la pembeni mvuke ulianza kupanda, polepole, mzito, wenye ile harufu ya manyoya yaliyochomwa kwa maji, ukatambaa sakafuni ukizipita buti za wavulana mmoja mmoja kana kwamba unamtafuta mtu, mpaka ulipofika kwa Zufar ukamzunguka magotini, na ndani yake ikatoka sauti ya kijana, nzito kidogo, yenye kukwama kwenye herufi kama alivyokuwa akikwama Raushan tangu utotoni.

"Mdogo wangu, usiniaibishe. Mimi sikuomba. Nilikufa mwanamume. Sogea karibu."

"Mmesikia?" Ildus alikuwa analia. "Raushan mwenyewe!"

Zufar alipiga hatua kuelekea shimoni. Na Farhinur, Mungu amrehemu, miguu yake nayo ilikwenda, kwa sababu angetoa macho yake yote mawili asikie sauti ile mara moja tena. Kisha akasimama.

"Mwongo," alisema.

Mvuke ukatulia.

"Mwanangu alifia mikononi mwangu. Alitamka shahada, kisha akasema, 'Nisamehe, mama.' Nikamwambia nimekusamehe. Akasema tena, na tena, mpaka pumzi ikaisha. Nyinyi mmemtundika ukutani kama mtu asiyelijua neno hilo. Hamkumjua! Na wewe uliye shimoni, umeiba sauti yake, hukuiba moyo wake."

"Alisema hivyo kweli?" Zufar aliuliza.

"Alisema."

Mvulana alipiga magoti kwenye mvuke. "Bismillahi. Nimekosa. Niliwaunguza watoto wako bila kujua. Naomba radhi, kwa jina la Mungu."

Kitu kikubwa kilishuka ndani ya bomba, kikinguruma, na harufu ikaondoka nacho.

"Mama," alisema Zufar, meno yakigongana, "nasikia baridi."

Ildus aliokota chuma. "Umetoka, Zufar. Unajua kinachofuata."

"Anza na mimi," alisema Farhinur, akisimama katikati. "Hapa, kichwani, kama alivyopigwa mwanangu. Na ukimaliza, mwambie mama yako ulichofanya."

Chuma kilibaki hewani. Hakikushuka. Farhinur akamshika mwanawe mkono, wakapanda ngazi bila kugeuka.

Walipofika mlangoni, mvuke ulianza tena kule chini. Sauti safari hii ilikuwa ya mwanamke, laini, ya kubembeleza.

"Ildus, mwanangu. Wewe ndiye uliyetuma birika. Njoo."

Farhinur aliuzuia mlango kwa mguu wake, baridi ikamwingia mpaka mifupani.

"Mlango uko wazi!" alipaza sauti gizani. "Anayetaka kupanda apande! Sitaufunga!"

Nyayo zilisikika ngazini, za mtu mmoja, kisha za wengine, zikikimbia. Na nyuma yao, chini kabisa, Ildus aliitika, "Naam, mama," kwa mama aliyekuwa saa ile yuko hai, ng'ambo ya mto, anakanda unga wa mikate.