Niachie Hata Kidogo

Yaliyompata dada yangu Delpha nayasimulia kama alivyonieleza mwenyewe, jikoni kwake, kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, akiwa na akili zake timamu.

Mumewe, Corbin, alifia jangwani baada ya gari lao kuvunjika ekseli. Lyle, rafiki yake aliyekuwa naye safarini, alitembea siku mbili akaokoka. Miaka miwili ilipopita, Lyle akakubali kumpeleka Delpha aone mahali penyewe. Asubuhi walikunywa kahawa, wakala mayai. Lami ilipoisha, Lyle akapunguza upepo wa matairi, akaweka gia nzito, wakaanza kupanda miamba.

"Shikilia, shemeji! Hapa Corbin alikuwa analia kama mbuzi."

Delpha akacheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi.

Saa sita mchana wakateremka korongoni. Mchangani, katikati ya njia, palikuwa na nyayo za buti zikija upande wao. Mtu hakuwepo. Nyayo zilifika mbele ya gari, zikakoma.

Lyle akakanyaga breki.

Redio ya mawasiliano ikakoroma.

"Lyle... niachie hata kidogo."

Sauti ya Corbin. Kavu. Lyle akarukia swichi. Redio ilikuwa imezimwa.

"Umwachie nini?" Delpha akanong'ona.

Lyle akazidi kubonyeza swichi.

"Lyle. Umwachie nini?"

"Maji, shemeji. Yalikuwa yanamtosha mtu mmoja tu. Yeye alishakuwa anakufa."

"Alikuwa anaongea!"

Lyle akainamisha kichwa kwenye usukani. "Ndiyo. Alikuwa anaongea."

"Usiniite shemeji tena. Geuza gari."

Koo lilimkauka. Delpha akanyoosha mkono nyuma, kwenye madumu manne ya maji waliyonunua alfajiri. Yalikuwa mepesi. Vizibo vizima, utepe wa dukani haujakatwa. Yote matupu. Ndani ya kila moja, mchanga mwekundu, kama kijiko kimoja.

Kwa muda wa saa nne walisafiri kurudi bila tone, bila neno. Midomo ilipasuka.

Sherifu, mkuu wa polisi wa eneo lile, aliwasikiliza wote wawili. Lyle alikana kila kitu. Hakuna kesi, akaambiwa Delpha, na pole sana. Mpaka leo Lyle anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Jumapili kanisani humpungia mkono.

Dumu moja Delpha alilificha kabatini. Juzi alinionyesha. Utepe haujaguswa.

Mchanga umefika nusu.