Ukimya Uliotungwa na Mashine

Rafiki yangu anafundisha akili unde kwa wanafunzi wa uzamili, ile inayojitungia maneno na sauti. Si mwoga hata chembe, lakini siku hizi haingii maabara peke yake.

Wanafunzi wake walikuwa wameifundisha kompyuta kuongea kwa kuilisha rekodi za sauti zao. Mchana mmoja, kiongozi wa darasa akampigia simu.

"Mwalimu, tumeboronga, na kesho tunawasilisha! Tulisahau kukata ukimya wa mwanzoni mwa kila rekodi. Sasa mashine haiongei, inatunga ukimya tu."

"Ukimya nao unatungwa?" Alicheka. "Ngoja nikausikilize."

Maabara ni chumba cha chini kisicho na dirisha, na taa zake hujizima mtu akitulia, zikawaka tena akijitikisa. Aliketi, akavaa hedifoni, akafungua faili ya kwanza. Akasikia feni ikivuma kwa mbali. Alikaza sikio bila kusogea mpaka taa zikazimika. Hakujali.

Mara ndani ya ule ukimya mlango ukalia. Nyayo zikaja taratibu. Kiti kikaburutwa, kikasogezwa karibu kabisa, na mtu akaketi akishusha pumzi.

Faili ikaisha.

Rafiki yangu alitaka kuvua hedifoni, mikono ikagoma. Mwili ulikuwa umekufa ganzi. Alibaki kwenye giza lile totoro, ameganda kama gogo, hata kope hapepesi.

Ndipo taa zikawaka.