Wimbo Uliobaki Kwenye Karatasi

Katika kwaya ya kanisa letu hakuna aliyeimba miaka mingi kuliko mimi. Miaka arobaini na mmoja, na sijakosa mazoezi hata siku moja. Haya, nilikosa siku tatu. Na siku nyingine nilikuwepo lakini nililala. Ila nililala nikiwa nimeketi wima, na hiyo nayo ni heshima.

Siku hizi magoti yamekataa kusimama. Kwa hiyo kila Jumatano na Jumamosi naketi benchi la nyuma ukumbini, nashona kola za majoho ya kwaya, na mjukuu wangu anaimba mbele. Ana miaka kumi na miwili. Tunamwita Chiriku kwa sababu kinywa chake hakijui kupumzika. Wimbo akiusikia mara moja, basi ni wake. Utausikia jikoni, bafuni, na hata akiwa na chakula mdomoni.

Kwa sikio lake hilo, mwalimu wa kwaya akamfanya kiongozi wa watoto. Mwalimu wetu ni fundi viatu, na hata akihesabu mapigo anagonga goti kama anayepigilia soli.

"Nota unazisoma?" alimuuliza.

"Kama maji, Mwalimu! Bibi amenifundisha."

Mimi nilikohoa kidogo, nikaendelea na kola.

Kwetu nota huandikwa kwa herufi: d ni do, r ni re, m ni mi, hivyo hivyo mpaka ngazi iishe. Zamani kanisa lilipoanza kufundisha nyimbo zake, vinanda vilikuwa haba, lakini chaki haikukosekana. Anayeijua ngazi hiyo, mpe karatasi tu, atakuimbia wimbo ambao hajawahi kuusikia maishani mwake.

Mwaka huo shule ya kanisa ilikuwa inatimiza miaka mia moja. Mwalimu akapekua kabati la ofisi ya kanisa, akatoka na daftari lililoliwa pembe na mende. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa sauti nne, ulioandikwa na mwalimu wa kwanza wa shule ile. Hakuna aliyeukumbuka. Kinanda nacho kilikuwa kwa fundi, panya walikuwa wamekula ndani yake.

"Wimbo huu umebaki kwenye karatasi tu," alisema Mwalimu. "Tusipousoma sisi, umekufa. Tutauimba siku ya sherehe."

Kazi ya kunakili alipewa rafiki yake Chiriku, msichana mwenye mwandiko mzuri hata watu wakamwita Kalamu. Alinakili sauti zote nne, na nakala yake safi iliahidiwa kutundikwa ukumbini siku ya sherehe. Mtoto wa watu alitembea wiki nzima kama aliyeota mbawa. Kila kiongozi akapewa karatasi ya sauti yake ajifunze nyumbani, kisha awafundishe wenzake. Ndio utaratibu wetu.

Jumatano jioni Chiriku alinifuata jikoni na karatasi mkononi.

"Bibi, hebu nianzishie mstari huu."

"Macho, mjukuu wangu. Herufi hizi naziona kama sisimizi."

"Mmoja tu, Bibi."

"Si wewe unazisoma kama maji?"

"Nazisoma! Nilitaka kuhakikisha tu."

Akaikunja karatasi. Mimi nikaendelea kumenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

Basi alifanya nini? Alitunga wimbo wake. Maneno yalikuwa yale ya karatasini, lakini nota zilikuwa za kichwani mwake. Akawafundisha wenzake kumi na wanne, nao wakaupenda, maana ulikuwa mtamu kweli.

Jumamosi ikafika siku ya kuunganisha sauti. Wakubwa walikuwa wamejifunza sauti zao karatasini. Mwalimu akanyoosha mkono, wote wakaanza kwa pamoja. Jamani! Nimewahi kusikia paka wakigombania kichwa cha samaki, lakini wale walau walikuwa na lengo moja.

"Acheni!" Mwalimu akawaimbisha wakubwa peke yao. Sauti zao zikakaa vizuri. Akawageukia watoto. "Tatizo liko huku. Chiriku, mmeimba kama ilivyoandikwa?"

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Chiriku. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake, ameikunja mara nne.

"Basi karatasi ndiyo mbovu. Kalamu, umenakili vipi?"

"Herufi kwa herufi, Mwalimu. Nilirudia kuhakiki mara mbili."

"Ulihakiki nini, na wimbo umepinda hivi? Kazi hii nitampa mwingine. Na ile nakala hatutaitundika."

Kalamu hakulia. Alifungua tu mkoba wake, akatoa kalamu nzuri aliyokuwa ameazimwa na Mwalimu, akamrudishia kwa mikono miwili. Wallahi, angelia ingekuwa nafuu.

Nilimtazama Chiriku. Kinywa kile kisichopumzika kilikuwa kimefungwa. Aliitazama kalamu mkononi mwa Mwalimu, akatia mkono mfukoni, akaitoa karatasi na kuikunjua.

"Mwalimu, Kalamu hana kosa. Mimi sijui kusoma nota. Tulichoimba nimekitunga mwenyewe jikoni."

Kisha mwokaji mikate, ambaye anaimba besi, akasema kutoka nyuma, "Ndiyo maana niliupenda!" Watu wakacheka, na Chiriku akapata pa kupumulia.

Mwalimu aliichukua karatasi, akaisoma toka juu hadi chini. Kisha akaenda kwa Kalamu kwanza.

"Mwanangu, nimekuhukumu kabla sijaiangalia kazi yako. Haina hata herufi moja iliyokosewa. Nisamehe." Akamrudishia kalamu. "Na nakala itatundikwa."

Chiriku naye akamwomba rafiki yake msamaha. Kalamu akasema, "Nimekusamehe, lakini daftari langu la hesabu hulioni mwezi mzima." Haki yake.

Mwalimu akachora ngazi ya nota ubaoni, akawapandisha watoto kidato kwa kidato: do, re, mi. Walijikwaa, wakarudi, wakajikwaa tena. Halafu wakaanza kuusoma ule wimbo, polepole, kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mstari wa tatu ulipofika, nilivuta sindano kwa nguvu, uzi ukakatika. Wimbo ule nilikuwa naujua! Nilipitisha uzi upya kwenye tundu la sindano huku nikiimba nao mpaka mwisho.

"Huo ni wimbo mama yangu aliokuwa akinibembelezea!" nilisema. "Maneno tu ndiyo mengine."

Mwalimu aliketi. "Sasa nimeelewa. Enzi hizo kanisa lilitufungulia shule, likatufundisha kusoma na kuimba kwa nota, lakini nyimbo zetu za nyumbani lilizifungia nje. Mwalimu yule aliutwaa wimbo wa kina mama, akauvisha maneno ya kanisa, akauingiza ndani kwa nota za kanisa lenyewe."

"Mjanja!" alisema mwokaji.

"Mjanja, lakini hakujifanya anajua nota. Alijifunza. Ndiyo maana leo tumemsikia, naye hayupo." Akamgeukia mjukuu wangu. "Chiriku, sikio lako ni zawadi, lakini sikio hulishwa na aliye hai. Kusema 'sijui' si aibu, ndipo masomo yanapoanzia. Anayejifanya anajua hujifungia nje mwenyewe, na mzigo wa uongo wake hubebeshwa mwenzake."

"Umesikia, mjukuu wangu?" nikadakia. "Yaweke hayo moyoni!"

"Nimesikia, Bibi." Akanitazama. "Lakini Jumatano nilikuonyesha wimbo huu huu. Mbona hukuniambia kwamba unaujua?"

"Si nilikwambia? Macho! Siku hizi hata kitu kikubwa kama ubao ule nakiona ukungu tu."

Chiriku aliitazama sindano mkononi mwangu.

"Bibi," alisema taratibu, na ukumbi wote ukasikia, "uzi huo umeupitisha sasa hivi, mara moja tu, tena huku unaimba."

Kalamu akasogea kwenye benchi la mbele, akanipisha nafasi mbele ya ubao.